Miezi ya Kusubiri: Somo kwa Wazazi na Vijana Waliomaliza Kidato cha Nne na cha Sita

Katika somo la robo hii tunazungumzia jambo linalotusumbua sana katika kazi yetu na vikundi vya wazazi hapa Bukene na vijiji vya jirani. Ni ile miezi ambayo kijana amemaliza mtihani lakini bado hajui anakwenda wapi. Somo limetayarishwa litumike kwenye VICOBA, kwenye umoja wa wanawake na kwenye vikao vya vijana sharikani. Kiongozi wa kikundi anaweza kulisoma lote kwa siku moja, lakini tunashauri aligawe kwa vikao viwili, maana sehemu ya nyaraka huchukua muda na huleta maswali mengi.

NENO "AMEMALIZA"

Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Matokeo kwa kawaida hutoka Januari. Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha tano na vyuo vya kati hutangazwa kati ya Mei na Juni, na wanafunzi huripoti Julai. Hesabu mwenyewe: kutoka mwisho wa Novemba hadi mwanzo wa Julai ni miezi saba. Ulaya na Marekani likizo yao ndefu ya kiangazi ni miezi miwili au mitatu, na wazazi wa huko huanza mapema kumtafutia kijana kambi ya masomo, kibarua au kozi fupi. Sisi tuna likizo ndefu kuliko yao, na hatujaipa hata jina.

Kwa Bukene miezi hiyo ndiyo ya kulima, kupalilia na kuvuna. Kijana anaporudi nyumbani anaonekana ni nguvu kazi iliyorudi. Akiwa mvulana, wenzake wanamwita machimboni kwenye dhahabu. Akiwa msichana, posa huanza kufika kabla hata matokeo hayajatoka. Na kila ukiuliza unajibiwa neno lile lile: "Kashamaliza shule huyu, mratibu, tunamngojea nini tena?"

Mwaka mmoja, mwezi Juni, tulikwenda kwenye kijiji kimoja tukiwa na orodha ya waliochaguliwa mkononi. Tulikuwa na furaha, kwa sababu binti mmoja tuliyemfahamu tangu kidato cha kwanza jina lake lilikuwemo. Tulipofika tukamkuta baba yake peke yake chini ya mwembe. Binti alikuwa ameolewa tangu Machi, kijiji kingine. Alikuwa ametimiza miaka 18, na mwenyewe alikubali. Baba yake si mtu mkatili. Alichotuambia ni kwamba aliletewa habari kuwa mtoto "amepata Three", naye akaelewa kuwa amefeli, kwa sababu ya kwanza ni ya kwanza na ya tatu ni ya mwisho. Hakuna aliyemweleza vinginevyo. Sisi tulikuwa ofisini Januari yote na Februari yote, na hatukufika. Binti huyo sasa hivi tunakutana naye sokoni, anatusalimia vizuri, na salamu yake hutuuma.

Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inatoa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Wazazi wengi wanaijua. Lakini mtoto anayesubiri matokeo, machoni pa kijiji si mwanafunzi tena, na hapo ndipo wengi wanapotupotea. Na kwa yule ambaye ameshazaa, familia zijue kwamba Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi. Bado tunakutana na watu ambao habari hii haijawafikia.

KUSOMA MATOKEO

Daraja la tatu si kufeli. Anayetaka kidato cha tano huanza kwa kuangalia kama ana masomo matatu aliyopata A, B au C, na kama masomo hayo yanaunda tahasusi, mfano Historia, Jiografia na Kiswahili, au Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kijana wa daraja la tatu mara nyingi anayo. Jambo jingine ambalo wazazi hawalijui ni kwamba katika miaka ya karibuni, baada ya matokeo, wahitimu wamekuwa wakipewa muda wa kubadilisha machaguo ya tahasusi na vyuo katika mfumo wa TAMISEMI. Muda huo hupita kimya kimya wakati watu wako shambani.

Daraja la nne nalo lisitupwe. Mwenye alama D nne au zaidi, bila kuhesabu masomo ya dini, anaweza kuomba ngazi ya cheti katika vyuo vilivyo chini ya NACTVET, kisha akaendelea hadi stashahada. Yapo masharti ya kila fani: uuguzi, kwa mfano, unadai afaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mwenye stashahada nzuri anaweza kuomba shahada. Njia hii ni ndefu, lakini inafika chuo kikuu, na mhitimu wake anakuwa na kazi mkononi kabla ya kufika huko.

Wala si lazima kwenda mbali. Tabora mjini kuna Chuo cha Ualimu, Chuo cha Ardhi, Chuo cha Ufugaji Nyuki, VETA, na Chuo cha Utumishi wa Umma ambacho watu wazima wengi wanakikumbuka kama Chuo cha Uhazili. Nzega kuna chuo cha uuguzi, na Mwanhala kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Tunashangaa kidogo kwamba mkoa unaosifika kwa asali una vijana wachache tunaowajua ambao wamewahi hata kufikiria chuo cha nyuki. Mzazi ana mizinga nyuma ya nyumba na mtoto anaota kuwa mwanasheria. Hatusemi ndoto ni mbaya. Tunasema aijue na hiyo nyingine.

KUITUMIA MIEZI HIYO

Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri katika karne ya 19. Kijana alikwenda pwani na kurudi, na safari hiyo ilimpa heshima ya mtu mzima. Lakini misafara ya Wanyamwezi ilikwenda kwa majira: wengi waliondoka kiangazi, wakapanga kurudi kabla ya kilimo. Msimu wa kulima ulikuwa ndio msimu wa kuandaa chakula na mali ya safari inayofuata. Tunaona hapo pana jambo la kujifunza kwa kijana anayesubiri Julai.

Familia moja tunayoitembelea ilimpa mtoto wao nusu ekari ya karanga iwe yake, kwa makubaliano kwamba mavuno ndiyo godoro, sanduku na nauli ya kidato cha tano. Alifanya kazi ya familia asubuhi na shamba lake jioni. Alipochaguliwa hawakuuza ng'ombe. Huo ni mfano mmoja tu. Wengine wamejifunza cherehani kwa fundi wa mtaani, wengine wamekaa dukani kwa ndugu na kujifunza kutunza hesabu, wengine wamesaidia kufundisha watoto wa shule ya msingi kusoma. Kwa aliye na uwezo wa kwenda Nzega au Tabora, kozi fupi ya kompyuta inafaa, kwa sababu maombi yote ya chuo na mkopo siku hizi ni ya mtandao. Asiye na uwezo huo aazime madaftari ya kidato cha tano kwa aliyetangulia. Tunaomba wazazi wasidharau hili la madaftari. Wanafunzi wetu wengi hutuambia kwamba muhula wa kwanza wa kidato cha tano ndio uliowashinda, kwa sababu walikaa miezi saba bila kushika kitabu.

NYARAKA

Hapa tunaomba kikundi kitulie, maana ndipo vijana wetu wengi wanapokwama, hata wenye akili sana.

Jina la kijana liwe moja kila mahali. Shuleni ameandikwa jina la babu, kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa jina la ukoo, kwenye kadi ya kliniki kuna jina la tatu. Akiwa darasani halimsumbui mtu. Akifika kuomba mkopo mfumo unamkataa. Kwa hiyo kazi ya kulinganisha majina ianze kidato cha tatu, au mapema zaidi, kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa Taifa. Baada ya cheti cha mtihani kutoka, kurekebisha ni safari ya viapo na gharama.

Cheti cha kuzaliwa kipatikane mapema, kisha kihakikiwe na RITA. Haya ni mambo mawili tofauti. Sisi wenyewe tulikosea. Mwaka wa kwanza wa mradi tuliwaambia wazazi kwamba cheti kikiwepo basi imetosha. Tukawakusanyia nakala, tukazifunga vizuri kwenye bahasha. Ilipofika wakati wa maombi ya mkopo ndipo tukaambiwa kila cheti kinatakiwa kiwe na uhakiki wa RITA, na yatima awe na cheti cha kifo cha mzazi nacho kimehakikiwa. Vijana wawili walikosa dirisha la mwaka ule. Mmoja aliomba mwaka uliofuata. Wa pili hakurudi tena kwetu, na hatumlaumu.

Kuna suala la steshenari. Kijana anakwenda kujaza fomu, kijana wa dukani anamfungulia barua pepe kwa haraka, anaweka nywila anayoijua yeye, na namba ya simu anayotumia kuthibitisha ni ya kwake. Miezi miwili baadaye ujumbe wa chuo unakuja na hakuna wa kuufungua. Kijana awe na barua pepe yake, laini iliyosajiliwa kwa jina lake au la mzazi wake, na nywila iandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani. Wenye kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF watunze namba ya kaya, maana huulizwa kwenye maombi ya mkopo.

KIDATO CHA SITA

Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, na matokeo hutoka Julai. Tangu mwaka 2013 wahitimu huitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, na mara nyingi kambi huanza karibu na Juni. Sasa angalia: dirisha la Bodi ya Mikopo huwa wazi kati ya Juni na Agosti, na maombi ya vyuo vikuu huanza baada ya matokeo. Yaani kijana yuko kambini wakati mambo yake makubwa yanaamuliwa. Kwa hiyo nyaraka zote ziwe tayari kabla hajapanda gari kwenda kambini, na mtu mmoja nyumbani ajue zilipo. Asiwe mzazi ambaye hutegemea kusomewa. Awe kaka, shangazi, mwalimu au mwinjilisti.

Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, sifa ya chini ya shahada ni masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi nne, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hiyo ni ya kuingia mlangoni tu. Kila fani ina masharti yake. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, si kupitia mfumo wa pamoja kama zamani. Mkopo wa Bodi ni mkopo, urudishwe. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 baadhi ya fani za stashahada nazo zina mikopo, jambo ambalo kwa familia za huku ni nafuu kubwa.

FEDHA

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Wazazi wengine wanaelewa kwamba basi hakuna gharama. Fomu ya kujiunga inapofika na orodha ya godoro, sare, vifaa na nauli, hofu inaingia, na mpunga unauzwa kwa bei ya mavuno ambayo ni ya hasara. Kikundi kimoja cha VICOBA kimeanzisha mfuko wa elimu wa Sh. 5,000 kwa wiki. Kuanzia Desemba hadi Juni ni kama wiki 30, sawa na Sh. 150,000. Haitoshi vyote, lakini inatosha kuzuia mpunga usiuzwe wiki ile ile.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chenu, ni vijana wangapi walifanya mtihani Novemba iliyopita? Wataje kwa majina. Kila mmoja yuko wapi leo?

2. Nani kati yenu ana cheti cha mtoto chenye jina tofauti na la shuleni? Leteni vyeti kikao kijacho.

3. Matokeo yakitoka Januari, nani ataleta habari nyumba kwa nyumba, na nani ataeleza maana yake?

4. Binti wa jirani yako akiletewa posa mwezi Februari, utamwambia nini baba yake, na utakwenda na nani?