Toa Rangi Kwanza, Klorini Baadaye

Wengi wanaotumia maji ya mto hutia klorini kwenye ndoo ambayo bado ina tope, na wakiona haisaidii, huongeza. Klorini hiyo huishia kwenye mabaki ya majani na mizizi yaliyoyeyuka majini, na hapo huzaliwa kemikali kama klorofomu. Johannes Rook, mkemia wa maji mjini Rotterdam, Uholanzi, alilichapisha jambo hili mwaka 1974. Kuzinywa kemikali hizo miaka nenda miaka rudi kunahofiwa kuchangia saratani. Hata hivyo, usiache klorini kwa sababu hiyo: kipindupindu kisipotibiwa huweza kuua ndani ya saa chache. Yatoe mabaki hayo kabla.

Tumia shabu, lakini usikisie kiasi, maana mto wa masika si mto wa kiangazi. Yeyusha gramu 10 za shabu iliyopondwa katika lita moja ya maji safi. Panga vyombo vitano vya kioo au plastiki angavu, kila kimoja kikiwa na lita moja ya maji ya mto. Kwa bomba la sindano, tia mililita 2, 4, 6 na 8 katika vinne. Cha tano kiache cha kulinganishia. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika 15 mpaka vibonge vionekane, halafu acha vitulie saa moja.

Weka karatasi nyeupe nyuma ya vyombo utazame. Usichague haraka chombo cha kwanza kilichotakata, kwani maji yanaweza kukosa tope kabisa na bado yakawa na rangi hafifu ya chai. Rangi hiyo, inayotokana na mabaki yale yaliyoyeyuka, ndiyo adui yetu. Chagua kipimo kidogo kabisa ambacho ukikizidisha rangi haipungui tena. Kuzidisha huongeza ukali wa asidi bure. Kwa ndoo ya lita 20, zidisha mara 20: mililita 4 huwa 80. Mto ukibadilika baada ya mvua, pima upya.

Mimina maji ya juu taratibu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa, tope libaki chini. Ndipo utie klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, ufunike, usubiri dakika 30. Mwenye kifaa cha kupimia klorini ahakikishe imebaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita.

Mbegu za mlonge zinasifiwa, na kwa haki, kwa kushusha tope. Ila huacha protini na mabaki yake majini, yaani hurudisha kilekile tunachokitoa. Ukizitumia, chemsha maji hayo uyanywe siku hiyohiyo. Makaa ya jikoni usiyategemee. Hayana nguvu ya kaboni iliyotengenezwa kwa kazi hii.

Siku umekosa shabu na mto umechafuka, acha maji yatulie, yachuje, yachemshe mpaka yatokote sawasawa, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa katika sufuria ileile. Klorini siku hiyo si lazima.