SOMO LA 9: MKAA, KORONGO NA KISIKI

Kando ya barabara ya kwenda Kondoa utaona magunia ya mkaa. Watu husema, "Mchoma mkaa ndiye anayeharibu ardhi." Je, ni yeye peke yake? Tufikiri pamoja.

Hapa Dodoma mvua ni chache. Ikikosekana, mtama na uwele hukauka shambani. Watoto wanataka kula. Basi mzazi hukata mti, huchoma mkaa na kuuza. Mkaa huo huenda mjini. Mchomaji hupata fedha kidogo. Korongo hubaki kijijini.

Hata zamani ardhi yetu iliamuliwa na watu wa mbali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilihitaji mafuta ya kula. Ikaleta matrekta Kongwa, mashariki ya Dodoma. Pori likafyekwa ili zilimwe karanga. Waliopanga hawakuijua vizuri mvua ya Ugogo wala udongo wake. Kiangazi kilipofika, udongo ukawa mgumu sana. Mwaka 1951 mpango ukaachwa.

Baada ya Uhuru, mwaka 1973, serikali yetu ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu za Kondoa zilizoharibika. Majani na miti vikaota tena. Lakini wafugaji walibeba mzigo mzito. Amri peke yake huponya ardhi, lakini haijazi chungu.

Ipo njia nyingine. Inaitwa Kisiki Hai. Mti uliokatwa bado una mizizi hai. Chagua machipukizi machache yenye nguvu. Punguza mengine kwa kisu. Yaliyobaki yafunge kitambaa cha rangi, ili kila mtu ajue kwamba yanatunzwa. Matawi unayopunguza ni kuni. Hununui mbegu, wala humwagilii maji.

Lakini mbuzi wa jirani akila machipukizi, kazi yako imepotea. Kwa hiyo zungumzeni katika mkutano. Wekeni sheria zenu wenyewe. Mchoma mkaa naye aitwe, aseme shida yake. Ukimfukuza leo, kesho atakata usiku.

MASWALI
1. Kwa nini mpango wa karanga wa Kongwa ulishindwa?
2. Nani hupata faida ya mkaa wa kwenu? Nani hupata hasara?
3. Mchoma mkaa wa kwenu angeweza kufanya kazi gani nyingine? Jadilini.