Karanga za kukaanga: zile nzuri zibaki pia nyumbani



Kila mavuno tunaona jambo moja: karanga nzuri zinaenda sokoni, zenye ukungu zinabaki nyumbani. "Tutazikaanga, moto utamaliza ubaya," ndivyo tunasemaga. Leo tujifunze kwa nini desturi hii inaumiza watoto wetu.

Karanga inatupatia nini?

Gramu 100 za karanga za kukaanga zina karibu gramu 25 za protini, zinazojenga mwili, na karibu gramu 50 za mafuta, yanayotia nguvu. Unga wa muhogo wa uzito uleule haufikishi hata gramu 3 za protini. Ndiyo maana mtoto wa bugali peke yake anaweza kushiba kila siku na bado akadhoofika.

Hata Plumpy'Nut, ile pakiti wanayopewa watoto wenye utapiamlo mkali, inatengenezwa kwa karanga iliyosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Karanga yetu haiwezi kuchukua nafasi ya matibabu hayo, lakini inasaidia mtoto asifike huko. Kwa kuwa haina vitamini A wala C, tuile pamoja na sombe au lengalenga, mafuta ya ngazi na matunda.

Moto haumalizi sumu

Ukungu wa karanga unaweza kuacha sumu inayoitwa aflatoksini. Kukaanga kunaua ukungu wenyewe, lakini sumu nyingi inabaki. Inaharibu ini na inaweza kuleta kansa. Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125.

Tufanye hivi:

1. Tuanike juu ya shitingi, si juu ya udongo. Ukitikisa ganda na mbegu inalia ndani, zimekauka.
2. Tuziweke na maganda yake, ndani ya gunia safi, juu ya mbao, mbali na ukuta.
3. Kabla ya kukaanga, tuchague. Zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu ao zilizobadilika rangi, tuzifukie. Tusipe kuku wala mbuzi: sumu inapita hata katika maziwa.
4. Tukaange kwa moto mdogo, tukigeuza bila kuacha. Zikiungua, zinapoteza vitamini.
5. Mtoto mdogo asipewe karanga nzima, inaweza kumkaba koo. Tuzitwange laini, tutie vijiko viwili ndani ya uji wake. Akivimba midomo ao akipumua kwa shida, tumpeleke kituo cha afya mara moja.

Tunajua franga za karanga ndizo zinalipa masomo na dawa. Hatusemi tusiuze. Tunasema kabla gunia halijafungwa, mama na baba wapatane kipimo cha nyumba, na kipimo hicho kitoke katika zile nzuri.

Katika mkutano ujao tuulizane: kwa kila gunia tuliouza, watoto walibakiziwa nini?