Soma Betri Kabla ya Kulipa



Umekwisha jifunza kusoma kibandiko cha mbolea na kibandiko cha dawa ya mifugo. Leo tutasoma kibandiko cha namna nyingine. Hiki kimebandikwa kwenye betri ya drili.

Mafundi wetu wa zamani walitoboa mbao kwa kekee. Kekee haikuhitaji umeme, lakini ilihitaji mkono wenye nguvu na muda mwingi. Baadaye zikaja drili za waya. Drili ya waya ni nzuri mahali penye umeme. Lakini fundi wa Mazingara, au wa kijiji chochote cha Handeni na Korogwe, hafanyi kazi penye umeme kila siku. Leo anafunga mlango kijijini. Kesho anapaua nyumba shambani, mbali na nguzo za umeme. Kwa fundi huyu drili ya betri inafaa sana.

Drili za betri si kitu kipya duniani. Kampuni ya Black & Decker ya Marekani ilitoa drili ya betri mwaka 1961. Betri za zamani zilikuwa nzito na ziliisha upesi. Tangu mwaka 2005 makampuni makubwa, kama Makita na Milwaukee, yalianza kutumia betri za lithiamu katika mashine zao kubwa. Lithiamu ni aina ile ile ya betri iliyo ndani ya simu yako. Ni nyepesi na hukaa na chaji muda mrefu.

Kosa langu

Miaka michache iliyopita wanakisomo wetu walichanga fedha. Walitaka kutengeneza mabenchi na rafu za vitabu. Wakanituma mjini kununua drili.

Dukani niliona drili mbili. Betri ya kwanza iliandikwa 18. Betri ya pili iliandikwa 48 kwa tarakimu kubwa. Ile ya 18 bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya 48. Nikajiambia, "Arobaini na nane ni kubwa kuliko kumi na nane, tena bei yake ni ndogo." Nikalipa. Sikuomba risiti.

Drili ile ilitoboa mbao laini. Ilipofika kwenye mninga ikakwama. Mwezi wa tatu betri ikawa haishiki chaji. Fundi mmoja akaifungua tukaona ndani. Mlikuwa na seli tano tu. Seli tano za lithiamu zikiungwa mstari mmoja haziwezi kutoa volti 48 hata kidogo.

Nilisimama mbele ya darasa nikaeleza. Mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, si wewe unayetufundisha kusoma?" Sikuwa na jibu. Somo hili ndilo jibu langu.

Namba tatu za betri

Namba ya kwanza ni volti. Mbele yake pana herufi V. Volti ni msukumo wa umeme. Fikiria tangi la maji lililo juu ya mnara. Mnara ukiwa mrefu, maji hutoka bombani kwa nguvu.

Namba ya pili ni ampea-saa. Mbele yake pana herufi Ah. Hii huonyesha ukubwa wa tangi. Tangi kubwa hukaa na maji muda mrefu.

Namba ya tatu ni wati-saa. Mbele yake pana herufi Wh. Hii ni jumla ya kazi iliyomo ndani ya betri. Kama haikuandikwa, itafute mwenyewe. Zidisha volti kwa ampea-saa:

18 × 2 = 36
18 × 4 = 72

Betri zote mbili ni za volti 18. Lakini ya pili ina kazi mara mbili ya ile ya kwanza. Muuzaji akikuambia, "Zote ni sawa, zote ni kumi na nane," mwonyeshe herufi Ah.

Je, 20 inaizidi 18?

Hapa wengi hudanganyika. Betri ya kawaida ya drili ina seli tano zilizoungwa mstari mmoja, au mistari miwili ya seli tano tano. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 ikiwa kazini. Ikitoka kwenye chaja inaweza kufika volti 4 na zaidi kidogo, mpaka 4.2. Sasa piga hesabu:

5 × 3.6 = 18
5 × 4 = 20
5 × 4.2 = 21

Umeona? Betri ni ile ile. Kampuni moja imeandika namba ya betri ikiwa kazini. Nyingine imeandika namba ya betri iliyojaa. Kampuni ya DeWalt huandika 20 kwenye betri zake zinazouzwa Marekani, na 18 kwenye betri za namna hiyo hiyo zinazouzwa Ulaya. Kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu ya 20 peke yake.

Tena jihadhari na namba kama 48, 88 au 128 kwenye betri ndogo, hasa zikifuatwa na herufi VF badala ya V peke yake. Tafuta maandishi madogo chini ya betri au kwenye chaja. Mara nyingi ukweli umeandikwa hapo kwa herufi ndogo.

Betri ni ufunguo

Ufunguo wa kufuli la jirani haufungui kufuli lako. Betri nazo ni hivyo hivyo. Betri ya chapa moja haiingii kwenye mashine ya chapa nyingine. Hata katika chapa moja zipo tofauti. Betri ya Makita ya volti 18 haiendeshi mashine ya Makita ya volti 40. Mashine za Bosch za rangi ya buluu, ambazo ni za mafundi, na zile za kijani, ambazo ni za kazi za nyumbani, hazitumii betri moja ya volti 18. Ingco na Total, ambazo huonekana sana katika maduka yetu, nazo zina betri zao za volti 20.

Yapo makampuni yaliyokubaliana kutumia betri moja. Umoja wa namna hiyo ulianzishwa na kampuni ya Metabo ya Ujerumani mwaka 2018. Lakini usikisie. Muulize muuzaji, kisha ijaribu mbele yake.

Basi, fundi mwenye akili huchagua betri kwanza, halafu mashine. Leo atanunua drili na betri mbili. Mwakani atanunua grenda au msumeno wa chapa ile ile bila betri. Mashine isiyo na betri huuzwa kwa bei nafuu zaidi.

Jambo jingine: tazama kama boksi limeandikwa Brushless. Maana yake ni kwamba mota haina kaboni. Mota hiyo hutumia chaji kidogo na hudumu zaidi, lakini bei yake ni kubwa.

Tupige hesabu ya miaka minne

Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka bei za duka lako.

Drili A inauzwa shilingi 80,000. Hudumu mwaka mmoja, na betri yake haipatikani tena. Kwa miaka minne utanunua drili nne: 80,000 × 4 = 320,000.

Drili B inauzwa shilingi 240,000. Hudumu miaka minne, lakini utanunua betri moja ya shilingi 90,000. Jumla ni 330,000.

Wengine watasema, "A ni nafuu." Ngoja kwanza. Drili A itakufa ukiwa kazini mara tatu. Kila mara utapoteza siku tatu kwenda mjini na kutafuta nyingine. Kama siku moja ya kazi ni shilingi 15,000, umepoteza 15,000 × 9 = 135,000. Ukijumlisha na 320,000 unapata 455,000. Drili A imekuzidishia gharama kwa shilingi 125,000.

Lakini mtu anayekaza bawaba mara moja kwa mwezi si fundi wa kila siku. Yeye drili ndogo ya bei nafuu yaweza kumtosha, mradi kibandiko chake kinasema kweli. Nunua kwa kadiri ya kazi yako.

Kuchaji kijijini

Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000. Betri ya wati-saa 72 hula karibu 100, kwa sababu umeme mwingine hupotea kwenye chaja. Kwa hiyo uniti moja huchaji betri kama hiyo mara 10 hivi. Gharama ya chaji ni ndogo. Gharama kubwa ni betri yenyewe.

Kwa sola, angalia kwanza. Sola ndogo ya taa na simu haiwezi kuendesha chaja ya drili. Utahitaji paneli kubwa, betri ya kuhifadhi umeme na inveta. Soma wati za chaja. Wati za inveta ziwe zaidi ya hizo.

Kuitunza betri

1. Usiiache juani wala juu ya bati. Joto huua betri.
2. Usiichaji ikiwa bado ya moto. Iache ipoe kwanza.
3. Usiitie kwenye mfuko wenye misumari. Msumari ukigusa vyuma vyote viwili vya betri, moto unaweza kuwaka.
4. Usingoje iishe kabisa. Drili ikilegea, simama uchaji.
5. Kama hutaitumia muda mrefu, ihifadhi ikiwa na chaji nusu.
6. Betri iliyovimba usiitumie tena. Wala usiitupe motoni.

Dukani

Soma jina la chapa herufi kwa herufi. MAKITA ina herufi sita. INGCO ina herufi tano. Herufi moja ikigeuka, hiyo siyo chapa unayoitafuta. Lakini jina sahihi peke yake halitoshi, maana hata bidhaa bandia huandikwa jina sahihi. Pima uzito kwa mkono. Betri bandia mara nyingi huwa na seli chache, nayo huwa nyepesi. Jaribu kukaza skrubu ndefu kwenye mbao ngumu. Uliza kama betri ya akiba inapatikana. Uliza dhamana ni ya miezi mingapi, nayo iandikwe. Dai risiti. Ukiuziwa bidhaa bandia, risiti ndiyo shahidi wako mbele ya afisa biashara wa wilaya au Tume ya Ushindani.

Darasa letu lilichanga tena. Safari hii sikwenda peke yangu. Nilikwenda na yule mama aliyeniuliza. Yeye ndiye aliyesoma kibandiko, nami nikashika fedha.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini betri ya 20 na betri ya 18 zinaweza kuwa sawa?
2. Betri ina volti 18 na ampea-saa 5. Ina wati-saa ngapi?
3. Katika kijiji chenu, nani anahitaji drili B, na nani inamtosha drili A? Elezeni sababu.
4. Mwalimu alifanya makosa gani dukani? Yataje yote.

Kazi ya darasa

Mwombeni fundi mmoja wa kijiji aje darasani na betri yake. Kila mmoja aisome na kuandika daftarini: chapa, V, Ah na Wh. Kisha linganisheni mlichoandika.