KISUKARI CHA BABA NA AFYA YA MTOTO



Wengi wetu tumewahi kumwona mama akimsugua binti yake shingo kwa dodoki na sabuni, huku akimkaripia kwamba hajui kuoga. Weusi ule hautoki. Ngozi ni nene kidogo, laini kama mahameli, na kwapani pia yaonekana hivyo. Mara nyingi huo si uchafu hata kidogo, bali ni alama ya mwili wenye insulini nyingi kupita kawaida, nayo humtokea hasa kijana mnene ambaye katika ukoo wake mna kisukari. Basi binti anakaripiwa bure, na swali lililopasa kuulizwa haliulizwi: ni nani katika nyumba hii mwenye sukari?

Insulini hutolewa na kongosho, ili sukari iliyomo katika damu ipate kuingia misulini na kutumika. Mafuta yakizidi tumboni na katika ini, mwili huwa mzito kuitii insulini, na kongosho hulazimika kutoa zaidi na zaidi. Huweza kufanya hivyo miaka mingi, na mtu akajiona mzima kabisa. Likichoka, sukari hupanda, na mara nyingi shinikizo la damu limekwisha kutangulia. Tena yatupasa kujua kwamba wakati wa balehe mwili wa kila kijana, hata aliye mwembamba, huwa mzito kwa insulini kwa muda. Aliyerithi kongosho dhaifu, na juu yake ana tumbo kubwa, aweza kushindwa wakati huo huo. Ndiyo sababu ugonjwa tuliozoea kuuita wa wazee huonekana sasa kwa watoto wa sekondari.

Je, kosa ni la damu au la chungu? Tuwatazame Wapima wa Arizona, Marekani. Hao walilima mahindi na maharagwe kwa maji ya mto Gila, mpaka katika karne ya 19 wahamiaji wa upande wa juu wa mto walipoyachukua maji yale. Mashamba yakakauka, wakawa watu wa kula unga mweupe, mafuta ya nguruwe na sukari. Tangu mwaka 1965 watafiti wamewachunguza, wakakuta kisukari kingi mno, hata kwa vijana. Ndugu zao wa damu wako Maycoba, milimani Mexico, nao walikuwa bado wakilima kwa mikono yao. Walipopimwa mwaka 1995, watu wazima wenye kisukari walikuwa kama 7 katika kila 100. Wale wa Arizona, kama 38. Jambo la pili lilitushangaza zaidi: huko Arizona, mtoto aliyezaliwa baada ya mama kupata kisukari alikuwa katika hatari kubwa kuliko ndugu yake wa tumbo moja aliyezaliwa kabla. Kwa hiyo mama mjamzito asikose kupimwa sukari.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Baba akiambiwa ana kisukari, hupikiwa chungu chake: dona, mchicha, maharagwe. Watoto huendelea na chipsi na soda, na chupa moja ya soda ina sukari kama vijiko vinane vya chai. Kwa maoni yetu chungu cha mgonjwa ndicho kiwe cha nyumba nzima. Na kijana atembee, acheze mpira, alime, walau saa moja kila siku. Asichekwe kwa unene wake, maana akichekwa atakula kwa kujificha.

Wako pia wazazi wanaoficha vidonge vyao nyuma ya kabati wasije wakawatia watoto hofu. Tunawaelewa, lakini mtoto asiyejua habari za baba yake atamwambia nini mganga akiulizwa? Mwambieni, kisha mwende naye zahanati akapimwe uzito, kiuno, presha na sukari.

Lakini kijana anayekonda upesi, anayekunywa maji bila kutosheka na kukojoa usiku kucha, huyo ni habari nyingine, hata kama hakuna mgonjwa katika ukoo. Huenda kongosho lake limeacha kabisa kutoa insulini. Apelekwe hospitali siku ile ile, asingojewe mpaka Jumatatu.