SOMO LA MWEZI: Nyumba ya Mtu Aitwaye Jeshini

Katika somo hili twataka kuzungumza habari za nyumba ambayo mume au mke ameitwa kwenda kufundishwa uaskari. Sisi tukaao Msalato hatuwezi kusema ya kuwa jambo hili ni geni. Barabara ipitayo kwetu kwenda Arusha ndiyo ipitayo Makutupora, ilipo kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Tumezoea kumtengeneza mtu aendaye: twamfulia nguo, twamwombea, twamsindikiza. Lakini yeye abakiye, je, twamtengeneza? Hilo ndilo somo letu.

1. Tuyakumbuke yaliyopita

Wazee wa Ugogo waliyajua haya kwa machozi. Mwezi wa Julai mwaka 1916 jeshi la Waingereza liliingia Dodoma, na Wajerumani wakarudi nyuma. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, yalichukua ng'ombe, tena yalichukua wanaume wawe wapagazi. Kisha mvua zikakosekana, ikaja njaa iliyoitwa Mtunya, ikaua watu wengi sana katika miaka ya 1917 hata 1920. Basi twajifunza hivi: mikono ikiondoka na ghala ikiwa tupu, mwaka mmoja wa jua watosha kuivunja nyumba.

Ilipokuja vita ya 1939 hata 1945, watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini. Wengine walifika Abesinia, wengine Madagaska, wengine Burma. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe nyumbani kwa njia ya boma. Lakini fedha ilimfuata yule ambaye jina lake liliandikwa. Aliyeandika jina la mkewe, mkewe alipokea. Aliyeandika jina la ndugu yake, mkewe alingoja huruma ya ndugu yule.

Baadaye, mwaka 1963, Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa, na tangu miaka ya 1960 hata 1994 vijana waliomaliza masomo ya juu walilazimishwa kwenda. Baadhi yao walikwisha kuwa na wake au waume. Mwaka 2013 utaratibu huo ulirudishwa. Siku hizi matangazo ya kuandikisha askari wapya kwa kawaida hutaka vijana wasiooa wala kuolewa. Walakini kuruta wa leo ndiye mume wa kesho, na askari mwenye nyumba hupelekwa tena mafunzoni, au mbali zaidi, kama wale waliopelekwa Kongo ya mashariki mwaka 2013. Kwa hiyo somo hili halijapitwa na wakati.

2. Maandiko yanavyotuongoza

Someni Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Huko mtu aliyeoa karibuni hakutwaliwa kwenda vitani. Alipewa mwaka mzima akae nyumbani mwake. Maana yake, nyumba haikuhesabiwa kuwa jambo dogo mbele ya jeshi.

Tena someni Samweli wa kwanza, sura ya 30. Watu 400 walikwenda na Daudi kuwafuata adui, na watu 200 waliochoka walibaki kwenye kijito cha Besori, wakilinda vyombo. Waliporudi, wengine walitaka kuwanyima wale waliobaki. Daudi akakataa, akaamuru fungu la mlinzi wa vyombo liwe sawasawa na fungu la mpiganaji. Basi mke alindaye nyumba, au mume alindaye watoto mkewe akiwa kambini, si mtu wa nyuma. Ana fungu, naye ana haki ya kuheshimiwa.

3. Mambo manne ya kutengeneza

*La kwanza ni chakula na shamba.* Kwetu mvua huja mara moja tu kwa mwaka, tangu Desemba hata Aprili hivi, nazo si nyingi. Aondokaye kabla ya mvua aache shamba limekwisha safishwa, na mbegu za mtama na uwele zimewekwa mbali na mikono yenye njaa. Kisha hesabuni pamoja. Pimeni debe moja la nafaka, mwone lakaa siku ngapi. Likikaa siku 8, basi siku 180 zataka debe 23, yaani karibu magunia manne. Msiseme, "Tutaona huko mbele." Huko mbele ataona mmoja tu, naye peke yake.

*La pili ni fedha na karatasi.* Kuruta asitumaini mshahara mwezi wa kwanza; nyumba iwe na akiba yake. Hati ya ndoa, vyeti vya watoto vya kuzaliwa na kadi za matibabu vikae mahali panapojulikana na wote wawili. Madeni yaandikwe, tunayodai na tunayodaiwa, pamoja na ng'ombe waliowekwa kwa rafiki. Na katika karatasi za jeshi, mahali paulizwapo jina la jamaa wa karibu, mwenye mke aangalie sana aliloandika. Tena ijulikane ya kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yampasa mume kumtunza mkewe na watoto, wala kwenda kambini hakumwondolei wajibu huo. Na nyumba wakaayo mume na mke haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja wao bila idhini ya mwenzake.

*La tatu ni mamlaka,* na hapa ndipo nyumba nyingi huanguka. Mume huondoka akisema, "Mama, utaangalia kila kitu," lakini hasemi neno hilo mbele ya mtu mwingine. Mtoto akishikwa na homa kali, au ghala ikiisha mwezi wa Februari, mama ataka kuuza mbuzi wawili. Shemeji husimama mlangoni pa zizi na kusema, "Mwenyewe hayupo; mali ya ukoo haiguswi." Mama amepewa mzigo, lakini hakupewa mamlaka ya kuuchukua. Mambo haya mawili hayafai kutengwa.

Basi yampasa aondokaye kuwaita wazazi wake, ndugu zake na mzee mmoja wa kanisa, na kusema waziwazi, kwa heshima: "Baba, nanyi ndugu zangu, mimi naondoka. Mbuzi hawa na nafaka hii viko mkononi mwa mke wangu. Akiona haja ya kuuza, ni mimi niliyeuza. Ng'ombe hawa watatu tu wasiuzwe mpaka yeye na Baba wamepatana. Nawaomba mmsaidie, msimzuie." Maneno machache kama hayo, yakisikiwa na watu watano na kuandikwa, yatazuia magomvi ya mwaka mzima. Wala hayamshushii mzee heshima yake, maana ameulizwa mapema. Ikiwa aendaye ni mke, mume naye aelezwe mbele ya mashahidi ni nani atakayewatunza watoto, na mali ya mke itaangaliwaje.

*La nne ni habari.* Kambini kuruta hana uhuru wa kupiga simu apendapo. Siku nyingi zaweza kupita bila neno. Patananeni mapema ya kuwa kimya si dalili ya kuachwa. Andikeni jina la kambi na anwani yake. Watoto waambiwe kweli: baba anakwenda wapi, atafanya nini, na takriban miezi mingapi. Mtoto aliyedanganywa ya kuwa baba atarudi kesho hujifunza kutomwamini hata mama.

4. Kazi ya usharika

Haitoshi kuombea nyumba hiyo Jumapili moja. Wazee wa mtaa wachague watu wawili, mume na mkewe, wawe wa kuitembelea. Mtu mume asiende huko peke yake, ili maneno yasizuke. Siku ya kulima, jirani watoe mikono. Tena mwalimu aulize, si "Hamjambo?" tu, bali "Ghala imebaki debe ngapi?" Swali hilo la pili ndilo lenye upendo.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika mtaa wetu ni nyumba zipi ambazo mmoja yuko mbali kwa kazi ya uaskari? Nani amezitembelea mwezi huu?
2. Kwa nini Daudi aliwapa walinzi wa vyombo fungu sawa?
3. Mtu akiondoka nyumbani mwako kesho, je, abakiye anayo mamlaka ya kuuza mbuzi mmoja? Nani amesikia hivyo?

Mjibu swali la tatu mkiwa wawili, mume na mke, kabla barua ya wito haijafika.