Saa ya Kwanza Baada ya Kugonga Mnyamapori
Elimu kwa madereva na wamiliki wa magari, wilaya za Mbulu na Hanang

Lami ya Singida hadi Babati hupita ubavuni mwa Mlima Hanang, ikagusa Katesh na Endasak kabla ya kufika Dareda. Mchana ni njia ya mabasi, malori ya mahindi na mbaazi, na Noah za abiria. Giza likiingia, fisi hutoka makorongoni kutafuta mizoga na mabaki ya machinjio, na njia zao hukatiza barabara hiyo hiyo. Upande wa Mbulu hali haitofautiani sana: juu ya bonde la ufa kuna misitu ya Nou na Marang, na Marang, uliounganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, una tembo na nyati wasiojua mpaka wa hifadhi unaishia wapi. Huko Yaeda Chini na Haydom, digidigi, nungunungu na mbweha huvuka barabara za vumbi usiku kucha.

Fisi madoa aliyekomaa ana uzito wa kilo 45 hadi 80, na jike ndiye mkubwa kuliko dume. Gari dogo likimgonga kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ni sawa na kulivaa gunia la mahindi lililosimamishwa katikati ya njia. Kwa mwendo huo gari hula mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja na nusu kuona, kuamua na kukanyaga breki. Hapo mita 33 zimekwisha, na lami kavu itadai nyingine 35 hivi kabla magurudumu hayajasimama. Taa za chini za gari la kawaida humulika vizuri mita 40 hadi 60 tu. Maana yake, anayekimbia 80 kwa taa za chini anaendesha ndani ya giza asiloliona. Akishuka hadi kilomita 50, jumla ya safari ya kusimama inakuwa mita 35 hivi, na mnyama anapona. Kwenye changarawe hesabu hizo zote huharibika, kwa sababu tairi huteleza.

Lipo jambo linaloua watu zaidi ya mgongano wenyewe: kukata usukani ghafla. Kwenye Mlima Magara au kwenye kona za kupandia Mbulu kutoka Dareda, anayemkwepa sungura anaweza kuishia korongoni na abiria wote. Ushauri ni kushika usukani ukiwa umenyooka, kukanyaga breki kwa nguvu na kupiga honi. Bampa hununuliwa. Digidigi naye hutembea wawili wawili, dume na jike wake. Mmoja akivuka, mguu ubaki kwenye breki, maana mwenzake yuko kichakani anajiandaa kumfuata.

Gari likishasimama

Washa hazadi, toa gari nje ya njia kama linasogea, weka pembetatu za tahadhari mbele na nyuma. Abiria wabaki ndani mpaka ijulikane mnyama yuko wapi na yuko katika hali gani. Fisi aliyevunjika kiuno bado ana taya za kuvunja mfupa, na nyati aliyejeruhiwa humfuata mtu. Hakuna sababu ya kumsogelea, kumburuta wala kummalizia kwa panga. Fisi, mbweha na mbwamwitu wanaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mate yao yakiingia kwenye mchubuko, mtu aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kisha aende hospitali bila kulala.

Simu ya kwanza ni polisi, namba 112. Ya pili ni kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, ambaye atamfikia ofisa wanyamapori wa halmashauri, iwe Katesh, Dongobesh au Mbulu mjini. Kama kuna majeruhi, fomu namba tatu ya polisi, PF3, hutolewa kituoni kwa ajili ya matibabu. Mwenye hali mbaya awahishwe hospitali kwanza, fomu imfuate.

Kisha linakuja jaribu ambalo limeshawaponza wengi: nyama. Swala amelala kando ya njia, bado wa moto, na buti lina nafasi. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyama wote wa porini ni mali ya umma, na aliyekufa huhesabika kuwa nyara ya serikali. Kukutwa na mguu wake, ngozi yake au sufuria ya nyama yake bila kibali ni kosa hata kama alikufa kwa ajali, na mahakama za Tanzania zimewahi kutoa kifungo cha miaka 20 kwa kupatikana na nyara za serikali. Dereva aliyegonga kwa bahati mbaya akatoa taarifa ana maelezo ya kutoa. Aliyepakia nyama akaondoka ameigeuza ajali kuwa ujangili. Wanakijiji wanaofika na visu waelezwe hivyo hivyo, kwa upole lakini bila kuzunguka.

Ndani ya hifadhi mambo ni makali zaidi. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia hupita kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na kando yake kuna mabango yanayotaja kila mnyama na kiasi atakacholipa anayemgonga. Mbulu na Hanang hakuna mabango ya namna hiyo katika barabara zake za kawaida, ila dereva wa huku anayekwenda Arusha hupita Kwakuchinja, ushoroba wa wanyama kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, ambako wanasayansi wamehesabu mizoga ya barabarani na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Twiga wa pale ni hatari ya aina yake: gari humkata miguu, na mwili wote huangukia kioo cha mbele.

Kabla ya kuwasha tena

Gari lililogonga mnyama huonekana limeumia bampa na taa moja, na mwenye haraka ya kufika Singida huliwasha na kuondoka. Kilomita kumi mbele linachemsha. Rejeta iko nyuma tu ya shoo, na pigo dogo huweza kutoboa mrija wake au kuisukuma ikagusana na feni. Maji yakimwagika injini hupata joto kali, gasketi ya hedi inaungua, na matengenezo ya bodi yanageuka kuwa matengenezo ya injini. Basi tochi imulike chini ya gari: kama kuna tone la maji ya rangi, oili au mafuta, gari livutwe. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto.

Boneti nayo iangaliwe. Kufuli lake likilegea, upepo huiinua boneti njiani ikaziba kioo chote. Ifungwe kwa kamba imara. Mnyama aliyeburutwa chini anaweza kukata bomba la breki au kupasua sampu, kwa hiyo breki zijaribiwe gari likiwa polepole. Miiba ya nungunungu hukaa kwenye tairi kama msumari. Kama usukani unavuta upande mmoja, au taa iliyobaki inamulika majani badala ya njia, safari iahirishwe mpaka asubuhi. Damu na nywele zisafishwe kwa glovu, maji na sabuni, lakini baada ya picha kupigwa.

Picha hizo ni fedha. Zipigwe za gari pande zote, za mnyama, za alama za breki na za jiwe la kilomita au kibao cha kijiji.

Nani analipa

Bima ndogo, ile ya lazima kisheria, inalipa madhara ya watu wengine. Gari la mwenye bima hailigusi. Anayeweza kudai ni mwenye bima kubwa, ambayo kwa gari binafsi imekuwa ikikatwa kwa takribani asilimia 3.5 ya thamani yake kabla ya kodi. Gari la shilingi milioni 20 ni kama 700,000. Serikali ina kifuta jasho na kifuta machozi kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011, lakini zinahusu uhai, majeraha, mazao na mifugo. Magari hayamo.

Madai hukwama kwa sababu chache zinazojirudia: ripoti ya polisi haipo, leseni ya dereva imeisha, au gari limenyooshwa na kupigwa rangi kabla mkaguzi wa bima hajaliona. Inayoumiza zaidi huku ni Noah iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi huku ikibeba abiria wa nauli kati ya Haydom na Mbulu. Kampuni ikigundua, ina haki ya kukataa. Mmiliki akate bima inayolingana na kazi ya gari, na ahakiki stiki yake kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Anayeona ameonewa huanza na malalamiko ya maandishi kwa kampuni, kisha TIRA au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Anayegonga ng'ombe au punda yuko katika shauri lingine kabisa, kwa sababu mnyama huyo ana mwenyewe, na polisi ndio watakaopima nani alizembea.

Mtendaji anayepokea taarifa ya ajali aandike pia mahali ilipotokea na saa yake. Sehemu ikijirudia, TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, au TARURA kwa za wilaya, wanaweza kuombwa alama ya tahadhari au matuta, na ombi lenye tarehe na majina ya maeneo ni gumu kuliweka kando.